Mlango wa Biashara Uwe wa Kila Mteja

(Hotuba iliyotolewa Ijumbi, Wilaya ya Muleba, mbele ya wafanyabiashara na watumishi wa umma. Inachapishwa kwa taarifa ya watumishi na wakazi wa visiwani na nchi kavu.)



Naomba nianze na jambo tunaloliona mara kwa mara. Mteja mwenye kiti cha magurudumu anafika kwa wakala wa fedha. Baraza limeinuliwa, pana ngazi tupu, na dirisha liko juu ya kichwa chake. Analazimika kumpa kijana simu yake pamoja na namba ya siri, ili akamtolee fedha. Huduma ameipata, lakini siri yake imekwenda. Fedha zikipotea kesho, atamlaumu nani?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, imegusa suala la kufikika kwa majengo yanayotumiwa na umma. Aidha, mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 9 inahusu majengo, usafiri na habari, ikiwamo intaneti. Kwa hiyo tunazungumzia haki, wala si hisani.

Wenye maduka husema kwamba baraza lisipoinuliwa, maji ya mvua yataingia ndani. Ni kweli. Baraza na libaki juu, ila mteremko ujengwe pembeni. Kipimo kinachokubalika katika nchi nyingi ni urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita 1 ya kimo. Baraza la kimo cha sentimita 30, basi, linahitaji mteremko wa mita 3 na sentimita 60. Ubao mfupi uliosimama mno humwangusha mtu.

Yapo pia yasiyohitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Magunia ya kahawa na mikungu ya ndizi isizibe njia. Bei ziandikwe, ili kiziwi asome. Asiyeona ahesabiwe chenji yake noti kwa noti, mkononi mwake.

Ndugu Wananchi, tovuti nayo ni mlango. Asiyeona hutumia programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Tangazo lililowekwa kama picha tu, bila maelezo ya maandishi, kwake ni ukuta. Maandishi hafifu humshinda mwenye uoni mdogo. Video isiyo na maandishi humwacha kiziwi nje, na namba ya simu pekee haimfai. Iwepo na njia ya kuandika ujumbe.

Mkazi wa Bumbire au Ikuza aliyevuka ziwa kufuata huduma, akakwama kwenye ngazi ya mwisho, amepoteza nauli na siku nzima.

Kwa hiyo natoa rai mbili. Watumishi wanaopitia ramani za majengo wautazame mteremko kabla ya msingi kuchimbwa, kwani kubomoa ni gharama zaidi. Na kila mwenye biashara amwalike mteja mwenye ulemavu, amwulize anakwama wapi, kisha aanze kurekebisha hapo.