Marufuku ya Nyama ya Farasi Nchini Marekani

Mwaka 1998 wapigakura wa jimbo la California nchini Marekani walipitisha, kwa kura ya maoni, sheria inayokataza kuchinja farasi kwa ajili ya chakula na kuuza nyama yake, na kufikia mwaka 2007 machinjio matatu ya mwisho nchini humo, mawili yakiwa Texas na moja Illinois, yalikuwa yamefungwa. Hoja nzito zaidi dhidi ya nyama hiyo, ingawa huruma ndiyo iliyosikika zaidi, ni ya afya: farasi wa mashindano hupewa fenilibutazoni, yaani dawa ya maumivu na uvimbe, ambayo kwa binadamu inaweza kudhuru uboho unaotengeneza damu. Hata hivyo, baada ya machinjio hayo kufungwa, malori yaliendelea kupeleka farasi kwenye machinjio ya Kanada na Meksiko.