Mafuta ya Difu Yabadilishwe Lini?



Motakaa ivutayo kwa magurudumu manne ina difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ambalo meno yake huyagawia magurudumu nguvu. Vitabu vya motakaa nyingi husema mafuta yake yabadilishwe kila kilomita 40,000 hivi. Lakini hesabu hiyo ni ya njia kavu. Sisi tukaao kati ya Pangani na Saadani, wakati wa masika huvuka vijito na matope. Basi tusingoje hesabu.

Sababu ni hii. Difu ikienda mbali hupata moto. Ikiingia majini hupoa ghafula, hewa iliyomo hunywea, ikavuta maji kwa tundu la kupumulia na penye sili. Mafuta yenye maji hayalindi meno; hulika na kushika kutu.

Kwa hiyo, motakaa ikivuka maji yaliyofunika ekseli, isimame usiku kucha ili maji yatulie chini. Asubuhi fungueni kwanza kizibo cha juu, msije mkamwaga mafuta kisha mkakosa pa kutilia mapya. Ndipo mlegeze cha chini kidogo. Yakitangulia maji, au mafuta yakiwa meupe kama maziwa, mwageni yote siku ile ile, mtie mapya.

Mafuta hayo ni lita chache tu. Lakini meno yakivunjika njiani usiku, atakayelipa ni mama mwenye uchungu apelekwaye hospitali Pangani.