Subira ya Mnunuzi wa Makazi: Kutoka Ntambo hadi Ufukwe wa Nyasa

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata



Katika milima ya Umatengo, mtu wa zamani hakununua mahali pa kuishi. Ukoo ulikuwa na ntambo yake, yaani mgongo wa mlima uliopakana na vijito, na kijana aliyeoa alikatiwa sehemu yake humo, akachimba ngolo, akapanda mahindi na maharage, na baadaye kahawa. Mambo mazito ya ukoo yalizungumzwa kwenye sengu, wazee wakila pamoja na vijana wakisikiliza. Ntambo zilipojaa watu, familia nyingi zilihama kwenda kufungua misitu iliyokuwa bado mitupu, na wengine wakaanza kutafuta viwanja Mbinga mjini au kandokando ya ziwa. Hapo ndipo fedha ilipoingia kati ya mtu na ardhi, na haraka ikaingia pamoja nayo.

Haraka hiyo imezidi tangu lami ilipofika Mbamba Bay. Kushuka milima ile wakati wa masika kulikuwa mashaka matupu. Leo abiria hufika ziwani kabla hajachoka kuketi. Bandari mpya nayo imewafanya watu wa mbali waulize bei ya viwanja. Dalali hupiga simu asubuhi na kusema kuwa kuna mteja mwingine njiani, na kwamba eneo litauzwa leo hii. Mara nyingi huyo mteja mwingine hayupo.

Mkulima wa kahawa angepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika kwa maneno hayo, kwa kuwa kazi yake yote ni kungoja. Mche huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri. Buni huvunwa, hukobolewa, huuzwa mnadani, na malipo hufika baadaye. Msimu mmoja hutoa ada ya shule, mwingine hutoa bati, na mwingine haubakizi kitu kwa sababu bei imeanguka au chulebuni imekula matunda. Kwa hiyo fedha inayohesabiwa mezani siku ya kununua kiwanja ni jasho la miaka minane au kumi. Inaweza kupotea yote alasiri moja, juu ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nzuri.

Tena kuna jambo la ziwa lenyewe, ambalo wageni hawalijui na vijana wamelisahau. Ziwa Nyasa halikai mahali pamoja. Mwanzoni mwa karne iliyopita maji yalipungua hata mto Shire, unaoyatoa kusini, ukakauka kwa takriban miaka ishirini, kuanzia mwaka 1915. Kufikia mwaka 1980 yalikuwa yamepanda kuliko ilivyowahi kupimwa. Anayenunua mchanga mweupe katika miaka ya maji machache anaweza kuwa ananunua kitako cha ziwa. Wazee wa Liuli, Lituhi au Mbamba Bay wakiulizwa maji yalifika kwenye mti gani, huonyesha kwa kidole. Maelezo hayo hayauzwi, nayo yana thamani kuliko picha yoyote ya dalali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au wa mto. Basi hata maji yasipomfuata mwenye nyumba, sheria itamfuata.

Ardhi kubwa ya wilaya hizi mbili, Mbinga na Nyasa, ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka 1999. Msimamizi wake ni Halmashauri ya Kijiji. Mtu asiye mwanakijiji hanunui kwa kukubaliana na muuzaji peke yake, hata wakiwa na mashahidi kumi. Idhini ya Halmashauri ya Kijiji lazima ipatikane na iandikwe. Muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji hautoshi. Kwa kiwanja kilichopimwa, ofisi ya ardhi ya halmashauri ndiyo yenye majibu: namba ya kiwanja na kitalu, matumizi yaliyopangwa, jina la mmiliki, na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Wapo waliojenga nyumba nzuri juu ya eneo la wazi.

Linaloumiza zaidi ni nyumba ya marehemu. Mume anafariki, na kabla matanga hayajasahaulika ndugu yake anaonyesha mnunuzi vyumba ambamo mjane bado anapika. Bei huwa ndogo, na udogo huo ndio ushahidi. Ndugu hana uwezo wa kuuza mpaka mahakama imteue kuwa msimamizi wa mirathi, na hata akiteuliwa huisimamia mali kwa niaba ya warithi. Wenzi wakiwa hai pia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi aliyefumba macho hapo hajapata nafuu, amenunua kesi. Mdai wa ardhi ana miaka 12 ya kufungua shauri, muda unaotosha watoto wa marehemu kukua, kusoma na kurudi.

Baraza la Kata siku hizi husuluhisha tu. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako nauli na siku za kazi hupotea kwa pande zote mbili.

Wakati wa kungoja nao una kazi yake. Eneo linalotakiwa litembelewe mwezi wa Machi, mvua ikiwa imekolea, ili mkondo wa maji uonekane. Kisha lirudiwe Oktoba, kisima kikiwa kimepungua. Majirani wa pande zote nne waulizwe, si yule aliyeletwa na muuzaji. Siku ya makubaliano ikifika, mtendaji wa kijiji, mashahidi, mke au mume wa muuzaji na watoto wao wakubwa watembee mpaka wote kwa miguu, jiwe kwa jiwe, na fedha isihesabiwe kabla hawajarudi pale walipoanzia.