Tusingoje Jeneza Ndipo Tuchange

Mwenzenu nimepatikana na saratani ya titi. Uvimbe wenyewe hauniumi hata kidogo, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini haijulikani mpaka kipande kikatwe kipimwe. Wanaume pia huipata, ingawa ni wachache.

Mmetaka kunifanyia harambee. Asanteni sana, lakini naomba isiwe ya mtu mmoja. NHIF iliondoka Oktoba 2024 ikaja SHA. Hiyo husaidia gharama za hospitali kwa aliyelipa ada, nauli ni yako. Na matibabu ya mionzi ni karibu kila siku kwa wiki kadhaa, mbali na nyumbani. Utalala wapi? Hapo ndipo mama hukata tamaa akarudi shambani.

Basi kila kikundi kitenge kidogo katika pesa za chama, ziwe za nauli na malazi ya mgonjwa yeyote. Ziwekwe benki, watia sahihi wawe watatu, hesabu isomwe kila mkutano. Jeneza tunalichangia kwa siku tatu tu, jamani! Mweka hazina yuko pale mlangoni na daftari. Mimi nimeshaandika mia mbili.