Miezi Tisa Bila Kengele ya Shule

Mazungumzo ya redio ya mchungaji mmoja wa Mutomo, Kitui
Somo: Kumbukumbu la Torati 6:4–9

Ninyi mlio jikoni, na ninyi mlio njiani kwenda kuteka maji na punda wenu, nawasalimu nyote. Leo nataka tuzungumze juu ya kumfundisha mtoto nyumbani, nami nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana si haki kuanza na ya jirani.

Mnaikumbuka Jumapili ile ya tarehe 15 Machi 2020, Rais alipotangaza kwamba shule zote zifungwe kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Binti yangu alikuwa gredi ya tatu. Nilidhani atakaa nyumbani majuma matatu, labda manne. Akakaa mpaka tarehe 4 Januari 2021, kwa kuwa Oktoba walirudi wale wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne tu.

Juma la kwanza nilimpa kitabu chake cha Kiswahili anisomee. Akasoma haraka, bila kukwama, nami nikafurahi. Kisha nikaifunika picha kwa kiganja changu, nikamwambia aanze tena kutoka mstari wa chini. Akanyamaza. Kumbe alikuwa amekikariri kitabu chote. Amewasikia wenzake wakisoma kwa sauti moja darasani, akakishika kichwani kama mtu ashikavyo wimbo. Herufi alizijua, kuziunganisha hakuweza. Muda wote huo nilikuwa nimenunua sare, nimetoa michango, nimetia sahihi katika kila ripoti. Walimu wake siwalaumu, walikuwa na watoto wengi mno. Mimi nilikuwa na mmoja tu wa umri ule, tena nimesoma chuo cha theolojia, nami sikujua.

Basi nikafanya kama wengi wetu tulivyofanya mwaka ule: nikaileta shule nyumbani. Nikapaka mlango wa zamani rangi nyeusi, ukawa ubao. Nikabandika ratiba ukutani. Saa mbili Hisabati, saa tatu Kiingereza. KBC ilikuwa ikitangaza masomo yaliyotayarishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, nasi tukayasikiliza. Yalikuwa masomo mazuri, lakini redio haimsubiri mtoto. Aliyeachwa nyuma asubuhi ameachwa nyuma siku nzima, na mimi ninayezungumza redioni nakiri jambo hilo.

Nilikuwa na fimbo ndogo ya kuonyeshea herufi. Siku ya nne, nawaambieni kweli, fimbo ile iliacha ubao ikaenda kwenye vidole vyake. Serikali yetu iliondoa kiboko shuleni mwaka 2001. Mimi nikakirudisha sebuleni. Tangu siku hiyo, aliposikia pikipiki yangu langoni alijificha zizini kwa mbuzi.

Jumapili iliyofuata kanisa lilikuwa limefungwa, na ilinipasa kuandaa neno la kuwapelekea Wakristo kwa simu. Nikafungua Samweli wa Kwanza, habari za Eli. Ndugu zangu, mimi nimehubiri juu ya Eli mara nyingi, na kila mara nilimtazama Samweli. Siku ile nilimwona Eli mwenyewe. Mtoto wa Hana alimfundisha vizuri kuitambua sauti ya Mungu, na wana wake aliowazaa wakapotea katika hekalu lile lile alilokuwa akihudumu. Kuhani alifundisha, ila hakuwafundisha wa nyumbani mwake. Sikuweza kuandika mahubiri siku ile.

Aliyeniokoa ni mama yangu. Mama hakumaliza hata darasa la nne. Kusoma alijifunza katika darasa la ubatizo. Aliniita kando. Akiniita mwanangu najua mambo ni mema, lakini siku hiyo aliniita Pasta. Akasema, “Pasta, hebu niachie huyu mtoto.”

Jioni walikaa wawili wakipukuchua mbaazi, na Biblia ya Kikamba mkekani. Hakumwambia asome. Alimwambia, “Nitafutie neno Ngai katika ukurasa huu. Ukiliona, liguse.” Mtoto akaligusa mara tano, mara sita. Kesho yake likaongezwa neno lingine. Mama alianza na lugha ambayo mtoto alikuwa nayo kinywani, hata mtoto akifika katikati ya neno, masikio yake yanajua mwisho wake. Mimi nilikuwa nimemfundisha kusoma maneno ambayo hata maana yake hakuijua, kisha nikamwadhibu kwa kutoyajua. Na kila walipomaliza, Mama alifunga kitabu na kusema, “Haya, nisimulie mimi, nimesahau.” Naye mtoto humsimulia Susu wake. Kufikia Agosti alikuwa anasoma maandishi ya gunia la unga, ya mgongo wa matatu, ya kanga za wageni.

Baadaye nilitaka kujua wengine wamefanyaje, nikasoma. Sisi Waanglikana tuna Susanna Wesley, mke wa kasisi wa Epworth huko Uingereza, mama yao John na Charles. Alizaa watoto kumi na tisa, akazika tisa wakingali wachanga. Hao waliobaki aliwafundisha nyumbani. Mtoto akitimiza miaka mitano alipewa siku moja kujifunza herufi zote, kisha akaanza kusoma na Mwanzo sura ya kwanza. Alikuwa mkali, na ukali wake wote siwezi kuufuata. Lakini alikuwa na desturi moja iliyonichoma: kila jioni ya juma ilikuwa ya mtoto fulani, azungumze naye peke yake. Alhamisi ilikuwa ya John. Mimi katika kalenda yangu nina siku ya akina mama, siku ya vijana, siku ya kamati ya ujenzi.

Mwingine ni Charlotte Mason, aliyekufa mwaka 1923. Naye alikuwa wa kanisa letu. Alitaka masomo yawe mafupi, na mtoto asimulie kwa maneno yake mwenyewe yale aliyosikia. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, maana mama yangu hajapata kumsikia mwanamke huyo.

Wako Wakristo mijini wanaotumia vijitabu vya kutoka Marekani, mtoto akijisomea na kujisahihisha mwenyewe, naye havuki kijitabu mpaka apate asilimia 80. Ni utaratibu mzuri kwa mtoto aliyekwisha kujua kusoma, ingawa naona upweke ndani yake. Na kulikuwa na mwalimu wa Marekani, John Holt, aliyekufa mwaka 1985, ambaye alifundisha kwamba mtoto aachwe afuate yale apendayo, naye atajifunza. Hapo mimi simfuati mpaka mwisho. Mtoto wa Mutomo akiachwa afuate apendalo, atafuata mbuzi mpaka Ikutha! Lakini neno lake juu ya hofu ni kweli: mtoto mwenye hofu hutafuta jibu la kumpendeza mwalimu, hatafuti kuelewa. Binti yangu alikariri kitabu kizima ili asionekane mjinga. Hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kusoma.

Sasa asitoke mtu akasema, “Pasta amesema tuwatoe watoto shuleni.” Sikusema. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yamwagiza mzazi ampeleke mtoto shuleni. Kuna wazazi waliokwenda Mahakama Kuu mwaka 2019 kudai kwamba elimu ya nyumbani itambuliwe. Mimi sina neno nao, kama nia yao ni kufundisha.

Lakini sisi wa Kitui Kusini twajua mambo mengine yanayoweza kuitwa kukaa nyumbani. Mtoto wa kiume hutumwa malishoni, na wa kike akapewa mtungi asubuhi, kuni mchana, na kumbeba mdogo wake jioni. Wako wasichana hapa kwetu ambao kengele ya Januari 2021 ilipolia hawakurudi, kwa kuwa walikuwa na mimba, au walikuwa wamekwisha kupelekwa mjini kufanya kazi katika nyumba za watu. Kwa hao shule ilikuwa ukuta, na ukuta ulipoanguka hapakuwa na mtu mzima aliyesimama mahali pake. Baba, ukimtoa mtoto shuleni usipoketi naye, hujamfundisha nyumbani, umemwacha tu.

Neno la Kumbukumbu la Torati, ukilisoma polepole, halitaji ubao wala ratiba. Lataja kuketi, kutembea, kulala na kuamka. Ni mambo ambayo hata asiyejua kusoma anayo kila siku. Na Timotheo, ambaye baba yake alikuwa Myunani, imani Paulo aliiona kwanza kwa Loisi bibi yake, kisha kwa Eunike mama yake. Paulo alimkuta kijana aliyekwisha kufundishwa.

Mwezi wa Septemba ule niliketi mkekani pamoja nao. Nikamwomba binti yangu msamaha kwa ajili ya vidole vyake. Hakujibu upesi. Aliendelea na mbaazi zake. Kisha akauliza, “Baba, na ile fimbo iko wapi?” Nikasema sijui. Mama akasema, “Nilichemshia chai.” Tukacheka wote watatu, naye akafungua kitabu kile kile cha Kiswahili akanisomea, akianza na mstari wa chini.

Tuombe. Ee Bwana, umkumbuke mtoto anayejificha jioni hii asikiapo hatua za baba yake langoni. Utupe saa moja ya kuketi naye. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.