*Mfumo Unamjua Aliyeandikwa: Maneno ya Katibu wa Tawi kwa Wanachama*

_Haya ni maneno yaliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama wa tawi. Tunayatuma kwa wote, hasa ambao hawakufika. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kuuliza._

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi,
Ndugu wajumbe wa Kamati ya Utendaji,
Ndugu viongozi wa mashina, wazee wetu, akina mama na vijana,



Tumeombwa kuzungumzia ardhi na huduma za mtandaoni. Ombi lilitoka kwenu, kwa sababu tangu Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi ilipohamishia kumbukumbu kwenye mfumo wa kielektroniki, ule unaojulikana sasa kama e-Ardhi, maneno ni mengi hapa mtaani. Kuna wanaosema kazi imekwisha, mtu anabonyeza simu na hati inatoka. Kuna wanaosema mtandao utatuibia viwanja. Kamati imekaa, imesikiliza pande zote mbili, na leo tunasema msimamo wetu.

Msimamo ni huu: *mfumo unamjua aliyeandikwa.* Haumjui aliyenunua, wala aliyejenga, wala aliyeishi hapo miaka 30. Unasoma jina lililoingizwa kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kila mwanachama ni kujua mfumo umeandika nini kuhusu kiwanja chake, na kusahihisha akiwa hai.

Waliofanya kazi ya hesabu wanalijua jambo hili. Kila mwisho wa mwezi unachukua daftari la fedha na taarifa ya benki, unalinganisha mstari kwa mstari. Vikitofautiana, huwezi kusema "mimi najua pesa ipo" ukafunga kitabu. Unatafuta tofauti ilipo. Na kama salio anzia lilikuwa na kosa, kompyuta haiondoi kosa hilo. Inalibeba mbele kwa kasi zaidi. Ardhi ni hivyo hivyo. Mfumo mpya umepokea kumbukumbu za majalada ya zamani. Palipokuwa sahihi pamebaki sahihi, na palipokuwa na kosa kosa limehamia kwenye kioo.

Wanaotamani majalada yarudi tunawaomba wakumbuke tulikotoka. Mara ngapi mtu ameambiwa "jalada halionekani, njoo wiki ijayo"? Mara ngapi kiwanja kimoja kimekuwa na barua za watu wawili? Kumbukumbu ambayo mwenye mali anaweza kuiona mwenyewe ni bora kuliko iliyofungiwa kabatini. Ila lazima aiangalie.

*Tuangalie nini?*

*Kwanza, jina.* Linganisha jina la kwenye hati na la kwenye Kitambulisho cha Taifa. Huduma hizi zinamtambua mtu kwa namba ya NIDA. Hati ikisema Saidi na NIDA ikasema Said, au mama akiwa na jina la baba yake kwenye hati na la mume kwenye kitambulisho, utakwama siku unapohitaji huduma kwa haraka. Marekebisho haya yana taratibu zake, pamoja na hati ya kiapo. Yafanyeni sasa hivi pasipo na ugomvi.

*Pili, muda.* Kwa sheria yetu ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sisi tunamilikishwa kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Chukua hati, tazama tarehe ilipoanza, jumlisha. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1992 imefika mwisho 2025. Wenye leseni ya makazi, muda wenu ni mfupi zaidi ya huo. Someni tarehe.

*Tatu, kodi ya pango la ardhi.* Hapa wengi wanachanganya, kwa hiyo tunasema taratibu. Tangu mwaka 2021, kodi ya *majengo* hukatwa unaponunua umeme wa LUKU. Hiyo ni ya jengo. Kodi ya *pango la ardhi* ni nyingine. Inalipwa kila mwaka na mwenye hati, na LUKU haiigusi. Mtu anaweza kununua umeme kila wiki kwa miaka mitano na akawa anadaiwa pango la miaka yote mitano. Kutolipa pango ni kuvunja sharti la umiliki, na huko mwisho kuna kufutiwa milki. Deni lako linaonekana kwenye mfumo, na unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroli namba. Lipa kwa hiyo namba tu, kwa simu au benki. Kabla ya kuthibitisha, soma jina la anayelipwa na kiasi. Risiti itunze kama unavyotunza hati.

*Nne, aliyetangulia mbele ya haki.* Tunalisema hili kwa uzito wote. Katika tawi hili zipo nyumba nyingi ambazo hati ina jina la baba au babu ambaye tumemzika zamani. Familia inaishi, watoto wamezaliwa humo, kila mtu anajua ni pa nani. Mfumo haujui. Kwake mwenye kiwanja ni marehemu, na marehemu hawezi kupokea ujumbe wa simu wala kukataa mauzo. Mjane akitaka mkopo, hawezi. Watoto wakitaka kugawana, hawawezi. Na ndugu mmoja mwenye tamaa akiishika ile karatasi, wengine wanaanza kuhangaika mahakamani.

Njia ipo. Chukueni cheti cha kifo kutoka RITA. Fanyeni kikao cha familia na muandike muhtasari. Fungueni shauri la mirathi. Kwa familia nyingi linaanzia Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ikishamteua msimamizi wa mirathi, nendeni mkamsajili kwenye ofisi ya ardhi, ndipo ahamishe kwa warithi. Msimamizi si mrithi wa kila kitu. Anatakiwa kugawa na kurudisha hesabu mahakamani.

*Tano, jina la mke.* Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kushughulikia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Sheria hiyo hiyo inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Lakini tumeona nyumba zilizojengwa na wawili zikiandikwa mmoja. Umiliki wa pamoja unaandikika. Ndugu zetu wanaume, kuandika jina la mkeo leo ni rahisi kuliko kumwachia kesi na wakwe kesho.

*Sita, ununuzi.* Karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa serikali ya mtaa ni ushahidi wa makubaliano. Kwa kiwanja chenye hati, haitoshi kukufanya mmiliki. Mpaka uhamisho usajiliwe, kumbukumbu bado inamtaja aliyekuuzia. Kabla ya kutoa fedha, fanya upekuzi rasmi. Utaonyesha mmiliki ni nani, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio. Muuzaji akikuambia "upekuzi wa nini, hatuaminiani?", rudisha pesa mfukoni. Na mkipanga bei, jadilini pia ushuru wa stempu na kodi ya faida ya mauzo inayodaiwa na TRA, maana uhamisho mwingi hukwama hapo.

Tunajua wengi wenu mko kwenye urasimishaji. Kiwanja kimepimwa, namba ipo, hati bado. Kwa mfumo hiyo ni kazi ambayo haijaisha. Fuatilieni namba na ankara zenu mlipe mmalize, kwa sababu upimaji peke yake haukupi umiliki.

*Sasa tuje kwenye lililogawa mkutano.*

Kuna pendekezo kwamba tawi liteue kijana mmoja mwenye simu nzuri, awafungulie wanachama wote akaunti kwa namba yake na barua pepe yake. Nia ni njema, wazee wengi wana simu za kitochi. Kamati imekataa, na tunaeleza kwa nini.

Anayeshika namba ya simu iliyosajiliwa ndiye anayepokea namba ya siri ya uthibitisho. Ni sawa na kumpa mtu mmoja funguo za nyumba 200. Leo ni kijana mwaminifu. Kesho simu imeibiwa, au amehama, au amegombana na mtu. Katika hesabu tunafundishwa kwamba anayeidhinisha malipo asiwe huyo huyo anayetoa fedha. Si kwamba ni mwizi. Ni kwamba mpangio mzuri humlinda hata mtu mwema asishukiwe.

Kwa hiyo Kamati imeamua hivi:

1. Jumamosi mbili zijazo, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, vijana wanne wa tawi watakuwa ofisini kuwasaidia wanachama. Kila mtu aje na simu yake, laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na namba yake ya NIDA. Kijana ataelekeza, *mwenye mali ndiye atakayebonyeza.* Mzee asiyeona vizuri aje na mtoto au mjukuu anayemwamini yeye, si tunayemchagulia sisi.

2. Huduma hii ni bure, na ni kwa kila mkazi wa mtaa. Hatutauliza kadi ya chama mlangoni. Jirani wa chama kingine naye ana kiwanja, na mpaka wake ni mpaka wetu.

3. Tawi halitatunza nakala za hati, namba za NIDA wala nywila za mtu. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, hatutaki daftari la namna hiyo ofisini. *Tunaomba pia msitume picha za hati kwenye kundi hili.* Zilizokwisha kutumwa, wahusika wazifute leo.

4. Hakuna kiongozi wa tawi anayeruhusiwa kupokea fedha ya mtu kwa ajili ya ardhi, hata kwa kusema "nitakulipia". Akijitokeza, njooni kwa Mwenyekiti au kwa Katibu.

5. Tumeandika barua kupitia serikali ya mtaa kuomba kliniki ya ardhi ifanyike hapa kwetu, maafisa waje na vifaa vyao. Mfumo wa mtandaoni usiwe sababu ya kumwacha asiye na simu janja. Serikali iliyoleta huduma kwenye kioo bado ina wajibu wa kumhudumia raia anayefika dirishani, na hilo tutalidai.

Ndugu wanachama, chama si ofisi ya ardhi. Hatutoi hati na hatuamui mgogoro wa mpaka. Tunachoweza ni kuhakikisha mwanachama anafika ofisini akiwa anajua anachodai na ana karatasi mkononi.

Viongozi wa mashina, kazi yenu kabla ya Jumamosi ni moja: pitieni kila nyumba muulize swali hili, "Jina lililoandikwa ni la nani, na huyo mtu yu hai?" Jibu msiliandike popote. Mwenye nyumba akilijua yeye mwenyewe, inatosha.



*Katibu wa Tawi*
_Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi_

_Maswali yaulizwe ofisini au kwa ujumbe wa faragha. Mnaweza kuwatumia majirani ujumbe huu, ila utumwe wote bila kukatwa._