Vijidudu Visivyoonekana na Maji ya Mto: Mazungumzo kwa Watu wa Meru na Embu



Mito ya Meru na Embu ni kama watoto wa mama mmoja. Kathita upitao karibu na mji wa Meru, Rupingazi upitao karibu na mji wa Embu, na Thuci ulio mpaka baina ya Embu na Tharaka-Nithi, yote hutoka Mlima Kenya, na maji yake yote huishia katika Mto Tana. Mtu akaaye juu hutangulia kuyatumia maji hayo. Mtu akaaye chini huyapokea yakiwa yamekwisha kupita kwa wenzake wote. Maji yaweza kuonekana safi kama kioo, na kumbe yamechukua maelfu ya viumbe ambao jicho la binadamu haliwezi kuwaona. Viumbe hao ni vijidudu viitwavyo bakteria, na habari zao ndizo maana ya mazungumzo haya.

Watu wengi wakisikia neno kijidudu hudhani ni kitu kama kiroboto au mbu. Sivyo. Vijidudu elfu moja vya namna hii vikipangwa mstari mmoja havizidi upana wa kichwa cha pini. Mtu wa kwanza kuviona alikuwa Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, Uholanzi, ambaye katika miaka ya 1670 alijitengenezea vioo vya kukuzia vitu vidogo. Hata hivyo ilipita miaka 200 kabla ya kuthibitishwa kwamba baadhi ya vijidudu hivyo ndivyo viletavyo maradhi. Daktari Mjerumani, Robert Koch, alithibitisha jambo hilo kwa ugonjwa wa kimeta mwaka 1876, na mwaka 1882 akakitambua kijidudu cha kifua kikuu.

Kijidudu hakizai kama ng'ombe azaavyo. Hujigawa chenyewe vikawa viwili, na viwili vikawa vinne. Baadhi yake, vikipata chakula, unyevu na joto la kutosha, hufanya hivyo kila baada ya dakika 20. Basi kijidudu kimoja kilichoingia katika maziwa ya uvuguvugu saa kumi na mbili asubuhi chaweza kuwa zaidi ya milioni mbili ifikapo saa saba mchana. Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Hakuna mwiba ulio mdogo kuliko huu.

Lakini lingekuwa kosa kubwa kudhani kwamba vijidudu vyote ni adui. Vilivyo vingi havimdhuru mtu, na vingi humtumikia mchana na usiku pasipo kudai mshahara. Nenda katika shamba la maharagwe huko Runyenjes, au la kunde na ndengu huko Mbeere na Tharaka, ukachimbue mche mmoja taratibu bila kuikata mizizi yake. Utaona vifundo vidogo vidogo kama shanga. Wakulima wengine huvidhania kuwa ni ugonjwa, kumbe ni nyumba za vijidudu. Karibu sehemu nne katika tano za hewa ni naitrojeni, nayo ni chakula kikuu cha mimea, lakini mmea hauwezi kuila kutoka hewani. Vijidudu vilivyomo ndani ya vifundo huichukua naitrojeni hiyo, huigeuza iwe chakula cha mmea, na mmea nao huvilipa kwa sukari. Kipasue kifundo kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani, ujue kazi inaendelea. Ndiyo sababu shamba lililolimwa maharagwe, na mabaki yake yakarudishwa udongoni, huyafaa mahindi yanayofuata.

Tena, ni vijidudu pamoja na kuvu ndivyo vinavyoozesha majani, samadi na mizoga, vikavirudisha vyote kuwa rutuba. Pasipo kazi hiyo, kila jani lililoanguka tangu zamani lingalipo mahali lilipoangukia, na udongo ungalikwisha kuwa maskini. Maziwa mala na uji uliochachuka, ambavyo wazee wamevinywa tangu zamani, navyo ni kazi ya vijidudu.

Sasa utazame mfano mmoja unaoonyesha jinsi mtumishi mwema anavyoweza kuleta hasara. Waafrika wa Meru na Embu walianza kulima kahawa katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipolegeza katazo lake. Hata leo katika viwanda vya kahawa vya vyama vya ushirika, matunda mekundu humenywa kwa mashine, punje zikabaki na ute unaoteleza. Punje hizo huwekwa ndani ya tangi usiku kucha au zaidi, na humo vijidudu pamoja na hamira ya asili huula ule ute mpaka punje ziweze kuoshwa zikatakata. Pasipo wafanyakazi hao wadogo, kahawa ya Mlima Kenya isingekuwa na sifa iliyo nayo.

Lakini maji yaliyooshea kahawa yamejaa sukari na ute. Yakimwagwa mtoni, vijidudu hupata karamu kubwa, huongezeka kupita kiasi, na kuimaliza hewa iliyoyeyuka majini. Samaki na wadudu wa mtoni hukosa pumzi, na maji huwa meusi na kunuka. Katika tangi kula kwao ni faida, na mtoni ni uharibifu. Kosa si la vijidudu, bali la mtu aliyevipa chakula mahali pasipofaa. Kwa hiyo inapasa maji hayo yaelekezwe katika mashimo yaliyochimbwa mbali na mto, ardhi iyanywe polepole, na maganda ya kahawa yafanywe mbolea.

Ziko aina chache za vijidudu ambazo ni adui kweli kweli, nazo ndizo ziletazo kipindupindu, homa ya matumbo na baadhi ya magonjwa ya kuhara. Yafaa kila mtu aelewe jambo moja juu ya homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi. Vijidudu vyake havina makao mengine ila mwili wa binadamu. Havikai katika ng'ombe, wala mbuzi, wala kuku. Maana yake ni neno zito: kila mgonjwa wa taifodi amekula au amekunywa kitu kilichoingiwa na uchafu wa choo cha mtu mwingine. Na mtu huyo mwingine huenda haumwi hata kidogo, kwa sababu wako watu wanaobeba vijidudu hivyo muda mrefu baada ya kupona.

Chukulia nyumba moja iliyo juu ya kijito, ambayo watu wake huenda haja kichakani. Mvua kubwa za Aprili zinakuja na kuuzoa uchafu mpaka kijitoni. Kilomita chache chini yake, mama mmoja anashuka na mtungi, anachota maji yale na kumpa mtoto wake mwenye umri wa mwaka mmoja. Baada ya siku mbili mtoto anaharisha mfululizo, macho yake yanadidimia, na machozi hayatoki tena anapolia. Watu wa nyumba ya juu hawamjui mama huyo, wala yeye hawajui. Hakuna aliyemkusudia mwenziwe ubaya. Kama ng'ombe wa jirani angekula mahindi, shauri lingepelekwa mbele ya wazee wa Njuri Ncheke na fidia ingelipwa. Lakini kijidudu hakiachi nyayo, wala hakiitwi shaurini.

Je, adui asiyeonekana aweza kuzuiwaje? Jibu ni kwamba kijidudu hakina miguu ya kutembea wala mabawa ya kuruka. Hata vile viwezavyo kuogelea, kwa nguvu zao wenyewe havifiki mbali. Hubebwa na maji, na nzi, na chakula, na zaidi ya yote hubebwa na mikono ya binadamu. Basi aliyemzuia mbebaji amemzuia adui. Jambo hili lilionekana London mwaka 1854, kabla Koch hajaanza uchunguzi wake. Watu wa mtaa mmoja walikuwa wakifa kwa kipindupindu, na daktari John Snow akatambua kwamba wengi wao walichota maji katika pampu moja ya Broad Street. Aliwashauri wakuu wa mtaa, nao wakauondoa mpini wa pampu ile, watu wasiweze tena kuyachota maji yake machafu. Snow hakuwa amekitambua kijidudu kiletacho ugonjwa ule. Alichokijua ni njia yake, na njia hiyo ndiyo iliyofungwa. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971 na kimerudi mara nyingi tangu hapo, nacho hufuata njia ile ile ya maji na mikono.

Mambo ya kufanya si mengi, wala hayahitaji fedha nyingi. La kwanza ni choo cha shimo kwa kila nyumba, chenye kifuniko cha kuzuia nzi, kilichochimbwa yapata mita 30 au zaidi kutoka kisima, chemchemi au mto. La pili ni kunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kushika chakula. Penye maji machache, kibuyu chirizi chatosha, yaani chombo kidogo kilichotundikwa kwa kamba na kuinamishwa kwa mguu, ili mkono mchafu usikiguse.

La tatu ni kuyachemsha maji ya kunywa mpaka yatokote sana. Hapa watu wa Timau na sehemu nyingine zilizo juu ya mita 2,000 wana sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Huko juu maji hutokota kabla ya kufikia joto lile yanalotokotea pwani, kwa hiyo yaachwe yatokote kwa dakika tatu. Kisha yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko, wala asiyachote mtu kwa kikombe alichoshika kwa vidole vichafu. Maziwa mabichi nayo yachemshwe, kwa sababu yaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya kutupa mimba, ambayo humpata binadamu pia.

Mtoto akiharisha, asinyimwe maji kwa kudhaniwa kwamba maji humzidishia ugonjwa. Mara nyingi kinachomuua ni kuishiwa maji mwilini. Apewe dawa ya maji na chumvi itolewayo katika zahanati. Ikikosekana, ichanganywe lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya usawa, visizidishwe. Anywe kidogo kidogo mara kwa mara, aendelee kunyonya, na apelekwe zahanati upesi. Wala asinunuliwe dawa za kuua vijidudu bila shauri la daktari. Vijidudu hujifunza kuzizoea dawa zinazotumiwa ovyo, na wachunguzi wa Nairobi wamekwisha kuona vijidudu vya taifodi visivyosikia tena dawa kadhaa za zamani.

Mkulima naye anayo sababu yake ya kuifahamu njia ya kijidudu. Wakulima wa viazi wa Kibirichia na kandokando yake wanaujua ugonjwa wa mnyauko. Mche hulegea ungali kijani, kama uliokosa maji, hata siku ambayo mvua imenyesha. Huo ni ugonjwa wa bakteria. Ukitaka hakika, ukate mche karibu na udongo na kipande cha shina ukitumbukize katika bilauri ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zitateremka kutoka katika shina. Hakuna dawa ya kunyunyiza iwezayo kuuponya mche huo. Kijidudu hiki pia hakikuja kwa miguu yake. Kililetwa na mbegu iliyonunuliwa bila kujulikana ilikotoka, au na udongo ulioganda katika jembe, au na maji ya mvua yaliyotoka shamba la jirani wa juu. Dawa yake ni kupanda mbegu safi, kung'oa miche iliyougua pamoja na viazi vyake, kuosha majembe, na kubadilisha mazao kwa misimu kadhaa bila kurudisha viazi, nyanya wala mabiringani katika shamba lile.

Basi ni dhahiri kwamba vijidudu haviwezi kumalizwa duniani, wala haifai kutamani vimalizwe, maana pasipo hivyo hakuna rutuba wala mavuno. Kinachowezekana ni kila nyumba kuangalia kile inachokipeleka katika mto. Mtu wa juu akichimba choo hamlindi mtoto wake peke yake, bali pia mtoto wa mtu asiyemjua huko chini, Tharaka au Mbeere. Na mtu wa chini asijione kuwa wa mwisho, kwa kuwa baada yake yuko mwingine, mpaka Tana iingiapo baharini. Jioni hii mama atashuka tena mtoni na mtungi wake. Yatakayoingia katika mtungi huo yameamuliwa na wenzake wa juu, kila mtu kwao, tangu asubuhi.